Mzee Marjan Aliyesawazisha Kuta za Mwanawetu

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Mzee Abdul-Karim Marjan alirudisha funguo za karakana na kustaafu, baada ya kuitumikia Hospitali ya Mwanawetu, hapa Kawempe jijini Kampala, kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili na ushei. Alipoajiriwa, tarehe 3 Aprili 1991, alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Ameondoka akiwa na sitini, na nyusi nyeupe ambazo weupe wake safari hii si wa vumbi la jasi.

Katika vitabu vya ofisi kazi yake imeandikwa "fundi wa matengenezo". Maneno hayo hayasemi kitu. Palipotobolewa ukuta, palipochimbwa ili mafundi bomba au umeme wapitishe vitu vyao, palipopasuka au kumomonyoka, Mzee Marjan ndiye aliyeziba, akasawazisha kiraka mpaka mpakaji rangi alipofika asijue palikuwa na tundu. Ni kazi ambayo ikifanywa vizuri haionekani. Sijawahi kumsikia mgonjwa amelala kitandani, akatazama ukuta, akasema fundi gani huyu hodari. Watu husifu rangi.

Mimi ninayeandika haya ni Lakot, karani wa stoo ya idara ya matengenezo tangu mwaka 2003. Kiswahili nilikipata utotoni katika kambi ya jeshi alikokuwa baba yangu, nikakisafisha hapa hospitalini, maana jarida letu huandikwa kwa lugha hii tangu familia ya marehemu Bi Mwanawetu, wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani, ilipoijenga hospitali na kuipa jina la mama yao. Mhariri aliniomba kurasa chache za furaha. Furaha ipo. Lakini Mzee Marjan naye alikuja dirishani kwangu aliposikia kwamba ni mimi nitakayeandika.

"Andika unavyotaka," aliniambia. "Lakini zile siku mbili usiruke. Ukiruka, usiandike kabisa."

Nitazifikia.

Alizaliwa mjini Bombo, katika ukoo wa Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudani zamani za wakoloni. Mwaka 1979 serikali ilipoanguka, jamaa zake walikimbia, naye akiwa na miaka kumi na minne akajikuta Juba, nyumbani kwa mjomba aliyekuwa fundi wa lipu. Huko alijifunza kuchanganya jasi, kukwangua na kungoja. Mwenyewe husema kukwangua ni siku moja ya masomo, kungoja ni miaka minne. Alirudi Uganda akiwa mtu mzima, akaoa Bi Zulaika, akatafuta kazi.

Siku ya majaribio hapa kwetu walikuja watu watatu. Bwana Bashir, aliyekuwa msimamizi wa idara, aliwaonyesha matundu matatu katika chumba cha kufulia, kila moja na ukubwa wa sahani, akawaambia wazibe. Wawili walimaliza jioni ileile na viraka vyao vikapakwa rangi. Marjan aliomba siku tano. Bashir alimwona mvivu, akamwacha tu kwa kuwa hakuwa na haraka na chumba kile. Baada ya wiki mbili, viraka vya wale wawili vilikuwa vimejichora ukutani kama ramani za nchi jirani. Cha Marjan kilibidi Bashir akitafute. Alipita mara tatu akakikosa, akaenda kumwita.

Waliofanya naye kazi wanajua taratibu zake. Kwanza alikwangua kila kilicholegea, hata kama kiraka kitakuwa kikubwa mara mbili ya kidonda. Ufa mwembamba aliupanua kwa ncha ya kisu ili puti, jasi ya kuzibia, ipate pa kushika, jambo lililowashtua wauguzi waliodhani anauharibu ukuta zaidi. Kisha alipangusa vumbi, akalowesha kidogo, akajaza kwa tabaka nyembamba, moja leo, moja kesho, akizivuta kingo mpaka zipotelee katika ukuta wa zamani. Msasa mkali, kisha msasa laini. Mwisho alifumba macho na kupitisha kiganja cha kushoto, kwa sababu cha kulia kilishakuwa sugu kwa kushika kisu. Visu vyenyewe hakuvinunua dukani. Alikuwa na mhunzi wake Katwe aliyemtengenezea kutokana na misumeno mikuukuu, vyembamba hata vilipinda kama jani.

Vumbi lilimtambulisha kila mahali. Katika wodi ya watoto, waliokaa muda mrefu walimwita Jajja Unga, yaani Babu Unga, wakiamini anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Hakuwasahihisha. Mtoto mmoja alimwomba awaletee uji, na kesho yake akamletea.

Bi Jannat, katibu wa hospitali na mjukuu wa Bi Mwanawetu, yeye alisahihisha. Kiswahili cha Mzee Marjan ni cha Bombo na cha mitaa ya Kampala, na Bi Jannat hawezi kuvumilia ngeli ikivunjwa mbele yake.

"Hii ukuta iko tayari," Mzee alikuwa akisema.

"Ukuta huu, Mzee."

"Ndiyo, Bi Jannat. Hii ukuta huu."

Mchezo huo waliucheza zaidi ya miaka ishirini, na sijui hadi leo kama alikuwa akimtania.

Vumbi hilohilo lilimdai. Mwaka 2016 alianza kukohoa, akapelekwa hospitali ya Mulago kupimwa kifua, na madaktari wakamwambia apumzike miezi mitatu. Alipumzika miwili. Aliporudi alikuta tumenunua barakoa za kweli badala ya vitambaa, na amri kwamba asiyevaa hapewi msasa dirishani pangu. Alilalamika kwamba ndevu zinamwasha. Alivaa. Na mwaka 2020, barabara zilipofungwa kwa sababu ya korona, alikuwa mmoja wa mafundi watano waliolala karakanani siku arobaini na moja wakitayarisha wodi ya karantini. Alikuwa na miaka hamsini na mitano na kifua chenye historia. Hakuna aliyemlazimisha.

Sasa nifikie aliponituma.

Mwezi Aprili 2009 bomba la maji lilivuja ndani ya ukuta wa wodi ya wazazi, upande wa mizani ya watoto wachanga. Mafundi bomba walichimba mfereji kuanzia dari hadi sakafuni, wakabadilisha bomba, wakaondoka. Mzee Marjan akaziba. Mvua zilikuwa zinanyesha kila siku. Kiraka kinene namna ile, katika hewa ile, kilihitaji wiki tatu kukauka. Kilipewa siku tisa, kwa sababu Jumatatu iliyofuata walikuwa wanakuja wageni waliotuchangia vitanda vipya.

Lakini si wageni waliomponza. Bintiye wa kwanza, Rashidah, alikuwa anaolewa Bombo Jumamosi. Mzee Marjan alikuwa na ruhusa kuanzia Alhamisi. Alhamisi hiyo asubuhi aliingia wodini na mfuko wa safari begani, akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa baridi. Kiganja chake hakikuwa kimemdanganya tangu Juba.

Alitoka. Bashir alimkuta mbele ya dirisha la stoo.

"Ile ya wazazi imekauka?"

"Imekauka. Pakeni."

Akaenda zake kuwahi gari.

Mimi nilikuwa ndani ya stoo, hatua tatu kutoka waliposimama. Nilisikia.

Ijumaa, Ayoo alipaka rangi. Ayoo alikuwa na miaka ishirini na tisa, mpakaji rangi wa mkataba, mwanamke pekee katika kikosi cha mafundi, mama wa watoto wawili aliowalea peke yake. Kabla ya kufungua kopo alimuuliza Bashir kama ukuta uko tayari. Bashir alimjibu kwamba Mzee Marjan ameshasema. Siku zile hilo lilikuwa kama muhuri, mtu haulizi tena.

Jumatatu wageni walikuja, wakapiga picha mbele ya ukuta uliokuwa unang'aa. Jumanne rangi ilianza kuvimba kama ngozi iliyoungua. Jumatano asubuhi Muuguzi Kaltumi alikuwa amemlaza mtoto wa siku moja kwenye mizani, mara bamba la puti na rangi likabanduka juu yao na kuanguka. Liligonga ukingo wa mizani likapasuka. Mtoto hakupata zaidi ya vumbi usoni. Lakini mama yake, aliyekuwa amesimama pale ameshika ukuta kwa sababu alikuwa bado hana nguvu, alipiga ukelele uliosikika hadi getini. Kaltumi anasema mpaka leo akipima mtoto hutazama juu kwanza.

Kikao kiliketi asubuhi ileile. Ayoo alieleza kwamba aliambiwa ukuta umekauka. Aliambiwa na nani? Na Bashir. Bashir alisema hakumbuki kusema jambo kama hilo. Katika faili la Ayoo kulikuwa na karatasi moja ya zamani iliyosema aliwahi kuzidisha maji katika rangi ya korido. Karatasi hiyo ikatosha. Aliandikiwa barua ya kuachishwa kazi kuanzia Ijumaa. Mimi hakuna aliyeniita kikaoni, nami sikujiita. Nilijiambia kwamba mambo ya kuta si ya karani wa stoo.

Mzee Marjan alirudi adhuhuri hiyo, na visheti vya harusi ndani ya mfuko kwa ajili yetu. Aliambiwa mlangoni. Alikwenda wodini moja kwa moja, akasimama mbele ya shimo, akaiona puti kwa ndani ilivyokuwa bado ya kijivu, mbichi. Hakuugusa ukuta. Alitoka, akaniachia visheti dirishani, akaenda chumba cha kufulia kupiga msasa.

Hakuna aliyemuuliza chochote. Nani angemuuliza? Alikuwa harusini. Tena kila mtu alijua kwamba Bashir anastaafu Desemba na kwamba nafasi ya usimamizi ni ya Mzee Marjan. Bi Jannat alikuwa ameshamwambia aanze kujifunza kusoma ramani za majengo. Bi Zulaika alikuwa ameshaambiwa, na Bombo yote ilimpongeza harusini.

Basi alinyamaza. Jumatano mchana, Alhamisi nzima, Ijumaa asubuhi. Hizo ndizo siku mbili.

Ijumaa kama saa tano Ayoo alikuja dirishani pangu kurudisha vifaa. Brashi tatu, rola mbili, ovaroli, ngazi fupi. Rola alikuwa amezifua mpaka zikawa nyeupe kama zilivyotoka dukani, na mtu anayejua rola anajua hiyo ni kazi ya saa nzima. Nilikuwa ninatia alama kwenye daftari bila kumtazama usoni. Nyuma yake alikuwa amesimama Mzee Marjan, amekuja kuchukua msasa.

Ayoo aligeuka, akamwona, akapiga goti kidogo kama anavyowaamkia wazee.

"Mzee, hatujaonana tangu urudi. Hongera kwa harusi. Rashidah alipendeza?"

Mzee Marjan alifungua mdomo. Nadhani alitaka kusema jingine.

"Alipendeza," alisema hatimaye.

"Mungu awape watoto," Ayoo akasema, akasaini daftari langu, akachukua mkoba wake.

Nilimwita Mzee achukue msasa wake. Hakusikia. Alikuwa ameshapanda ngazi za ofisini, na vumbi lake lote, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa heshima ya zulia la Bi Jannat.

Yaliyosemwa ndani nimesimuliwa na Bi Jannat, ambaye ameniruhusu kuyaandika. Bashir alikuwa ameketi pale na karatasi zake.

"Ile ukuta ni yangu," Mzee Marjan alisema.

Kwa mara ya kwanza Bi Jannat hakumsahihisha.

"Wewe hukuwepo siku ya kupaka, Mzee."

"Nilikuwepo siku ya kusema uongo. Bashir aliniuliza, nikasema imekauka. Haikukauka. Mkono wangu ulijua."

"Kwa nini ulisema hivyo?"

"Nilitaka kuwahi harusi."

"Na tangu Jumatano?"

Anasema hapo Mzee alitazama mikono yake.

"Tangu Jumatano ninaogopa. Nilikuwa nasema kesho, kesho. Huyu binti amenipa hongera sasa hivi, pale chini. Bi Jannat, mtoto yule angekufa, ningenyamaza pia? Sijui. Hiyo ndiyo inanitisha."

Bashir naye, pale alipoketi, akakumbuka.

Barua ya Ayoo ilichanwa mchana huohuo, na mlinzi akatumwa kwa bodaboda kumfuata kabla hajafika kwake. Bashir alistaafu mapema, mwezi uliofuata, bila sherehe. Mzee Marjan alipewa onyo la maandishi, na jina lake likaondolewa katika nafasi ya usimamizi. Akaletwa mtu kutoka nje. Bi Jannat aliniambia kwamba lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuyaamua, na kwamba akirudishwa siku ile angeamua vilevile. Mzee hakukata rufaa.

Hapo ndipo wasimulizi wengi wangefunga kitabu. Ayoo hakukifunga. Jumatatu alikuja kuchukua vifaa vyake, na Mzee Marjan alikuwa anamngoja pale dirishani tangu kufunguliwa kwa geti. Alianza kusema pole. Ayoo alimwinulia vidole viwili.

"Siku mbili, Mzee. Mimi siku mbili nimewaambia watoto yangu mama amefukuzwa. Mkubwa akaniuliza kama nimeiba. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo chumba cha kufulia."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Alichukua rola zake, akaondoka. Nilijua na mimi, nikanyamaza tena.

Mzee Marjan aliomba kazi ya kuurudia ukuta ule afanye peke yake. Aliubomoa mfereji mzima hadi kwenye matofali, akauacha wazi siku sita, akaujaza kidogo kidogo. Alipomaliza alibandika juu yake vipande vinne vya nailoni angavu, kingo zote zimezibwa kwa gundi. Ukuta ukiwa na maji ndani, asubuhi utakuta matone nyuma ya nailoni. Ukiwa mkavu, hutaona kitu. Kisha akaenda kwa msimamizi mpya akamwambia kwamba kuanzia sasa yeye hatasema tena kama ukuta umekauka. Atakayesema ni anayepaka.

Hivyo kila asubuhi Ayoo alitakiwa kwenda wodini kutazama nailoni, na kila asubuhi Mzee alikuwa amesimama kando, hasemi neno. Ayoo alitazama, akatikisa kichwa, akaondoka. Hakumwamkia. Siku ya kumi na tisa nailoni zote nne zilikuwa kavu. Hata mimi, niliyepitia pale na sabuni za wauguzi, niliona kwamba zilikuwa kavu. Ayoo alizitazama moja baada ya moja. Kisha alimtazama Mzee.

"Bado," alisema. "Tungoje siku mbili."

Mzee Marjan alimwangalia, akaelewa.

"Kale, nyabo," alisema, yaani sawa, mama. "Siku mbili."

Alingoja. Msimamizi mpya alikuja juu, wodi inataka kufunguliwa, ukuta mkavu unangoja nini? Mzee alimjibu kwamba mpakaji hajasema. Siku ya tatu Ayoo alipaka, na ukuta ule umesimama hadi leo. Nimeutazama jana. Kaltumi ametundika kalenda yake pale.

Tangu siku hiyo, katika idara yetu neno la mwisho juu ya kiraka si la aliyekiziba, ni la atakayekipaka. Imeandikwa katika mwongozo wetu, ukurasa wa kwanza. Wageni wanaokuja kutukagua huisifu kanuni hiyo na kuuliza tuliitoa wapi. Tumezoea kujibu kwamba tuliipata kwa uzoefu.

Ayoo alianza kusimama karibu naye wakati anajaza. Mwanzoni hakuuliza, alitazama tu. Halafu alichukua kisu. Ilimchukua Mzee Marjan karibu miaka mitatu kumfundisha, na hakumficha kitu, hata jina la mhunzi wa Katwe. Nilimuuliza Ayoo juzi alimsamehe lini. Alifikiri.

"Sijui," alisema. "Siku moja tulikuwa tunapakua chakula karakanani, nikaona nimemwekea yeye kwanza, na nyama ile kubwa. Nikasema, haya, kumbe imeisha."

Mwaka 2018 msimamizi kutoka nje aliondoka, na Bi Jannat akatafuta wa kumrithi. Majina yalikuwa mawili. Mzee Marjan aliomba lake liondolewe, si kwa unyonge, maana onyo lake lilikuwa limekwisha muda zamani. Alisema, "Huyu binti ana mkono, na ana mdomo. Mimi nina mkono tu." Kwa miaka saba iliyopita, Ayoo ndiye msimamizi wetu, na Mzee Marjan amekuwa akimwita Madamu mbele ya watu na mwanangu wakiwa wawili.

Kabla sijaandika haya nilikwenda ofisini kwa Ayoo nikamwambia kwamba Alhamisi ile ya mwaka 2009 nilisikia kila kitu. Miaka kumi na sita nilikuwa nimekaa nayo. Alikuwa anajaza fomu, hakuinua kichwa mara moja.

"Dirisha lako liko hatua tatu, dada Lakot," alisema. "Nilihesabu zamani."

Alinisogezea kiti, tukanywa chai, na sehemu hii nikaiandika jioni hiyo. Mzee Marjan alisema siku zake mbili. Mimi zangu zimekuwa miaka, na sitaki mtu asome wasifu wa mwenzangu akidhani aliyeuandika alikuwa bora kuliko yeye.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa chumba cha chanjo. Ukuta ulikuwa umechimbwa kupitisha nyaya za jokofu jipya, kiraka kirefu kuliko mtu. Alikimaliza Alhamisi ya wiki ya mwisho. Idara nzima ilikusanyika, pamoja na Bi Jannat na wauguzi wa zamu, kwa kuwa tulikuwa tumepanga kwamba akishuka tu kwenye ngazi tunakata keki. Bi Zulaika alikuwepo, amevaa vizuri, na Rashidah na watoto wake watatu.

Ayoo aliingia na taa ya mkononi. Alifunga pazia, akaiweka taa ubavuni mwa ukuta ili mwanga upite juu yake kama jua la asubuhi juu ya shamba, na kila bonde lionyeshe kivuli. Hivyo ndivyo hukagua kuta zote. Alipitisha taa polepole kutoka juu. Sote tulikuwa tunatabasamu na sahani mkononi. Karibu na kitasa cha dirisha taa ilisimama.

"Hapa pana bonde," alisema.

Palikuwa na kivuli chembamba kama kucha. Mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba Madamu naye amezidi, leo ni leo. Bi Zulaika alitazama sakafu.

Mzee Marjan alisogea, akafumba macho, akapitisha kiganja cha kushoto. Mara moja, mara mbili.

"Kweli," alisema. "Lipo."

"Rudia, Mzee."

"Nitarudia, mwanangu." Alisema hivyo mbele ya watu wote, na nadhani hakujua kwamba amesema.

Alivaa tena barakoa yake, akaomba kisu, akavuta tabaka jembamba la puti mbele yetu. Lilitakiwa kulala. Keki ikarudishwa kwenye jokofu, si lile la chanjo, la hasha, bali la jikoni, na wageni wakaombwa kurudi Ijumaa. Ijumaa alipiga msasa, akapangusa, akakaa pembeni. Ayoo alizungusha taa mara nyingine, kisha akaizima. Hakumwita mpakaji. Alikunja mikono ya blauzi yake ya ofisini, akafungua kopo, akaupaka ukuta ule mwenyewe, na Mzee Marjan akamshikia ngazi.

Mzee anarudi Bombo. Bi Zulaika amemtengea kiti barazani ambako upepo hauna jasi. Madrasa ya jirani imekubali akae na wajukuu zake ajifunze upya kusoma kwa tajwidi, kwani anasema aliyoisoma Juba ilikuwa na viraka.

Mzee Marjan, idara nzima inakushukuru, na mimi nakushukuru kivyangu kwa sharti ulilonipa. Kifua chako kipate nafuu, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na siku zako za Bombo ziwe ndefu na nyepesi. Ukipita Kawempe usiishie getini. Ingia ndani, ovaroli haihitajiki tena, na chakula kikipakuliwa tunajua nani anaanza.